Sauti mbili ndani ya ndege: rubani atii ipi?



Juma hili tunajibu swali ambalo watoto wa shule hupenda kuuliza kila mara ndege inapopita juu ya mtaa: "Ndege mbili zikikutana kule juu, nani anampisha mwenzake?" Wengi wetu hujibu tu kwamba Mungu anajua. Ndiyo, Mungu anajua, lakini na watu wamefanya kazi yao, na mama akiifahamu kazi hiyo ataweza kumjibu mtoto wake. Tena ndani yake mna somo moja ambalo wazazi wengine walilipa kwa uhai wa watoto wao.

Angani nako kuna njia

Macho yetu hayaoni barabara angani, lakini njia zipo na zina walinzi. Hao ni waongozaji wa ndege. Wanakaa chini, mbele ya radari au redio, na kumpa kila rubani kimo chake cha kuruka. Ndege mbili zinazopishana huachiwa nafasi ya mita 300 hivi, moja juu, nyingine chini. Kila mmoja akishika kimo chake, hazigusani.

Lakini mtu ni mtu. Huchoka, husikia vibaya, huchanganya namba. Tarehe 30 Juni 1956 ndege mbili za abiria ziligongana juu ya Grand Canyon, Marekani, na watu wote 128 wakafa. Mwaka wa 1986 ndege ya abiria na ndege ndogo ziligongana juu ya Cerritos, karibu na Los Angeles. Watu 82 walikufa, na 15 kati yao hawakupanda ndege yoyote: walikuwa chini, katika mtaa wao. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria kwamba ndege za abiria zenye viti zaidi ya 30 ziwekewe mashini ya kumwonya rubani. Mashini hiyo inaitwa TCAS. Baadaye dunia nzima ikafuata: tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa zinaidai kwenye ndege kubwa, na tangu 2005 hata kwenye zile za injini ya turbini zinazoweza kubeba zaidi ya abiria 19.

Mashini inaulizaje?

TCAS haina macho. Inafanya kazi kwa kuuliza. Karibu kila segonde inatuma swali kwa redio: "Nani yuko karibu?" Kila ndege yenye chombo cha kujibu hujibu yenyewe, bila rubani kugusa kitu, na kusema kimo chake. Kwa muda ambao jibu limechukua kurudi, mashini inajua ndege ile iko mbali kiasi gani. Ikiuliza tena na tena, inajua kama inakaribia na kwa mbio gani.

Hapa kuna akili ambayo kila mama wa sokoni anayo tayari. Ukitaka kuvuka barabara ya Goma, hupimi mita tu. Chukudu iliyopakiwa makaa inaweza kuwa karibu na bado ukavuka. Pikipiki iliyo mbali mara tatu zaidi inaweza kukugonga. Unachopima ni muda: itanifikia baada ya segonde ngapi? TCAS nayo hupima hivyo. Ndege mbili zinazotazamana, kila moja ikienda kilometa 900 kwa saa, zinakaribiana kwa mita 500 kila segonde. Zikiwa zimeachana kilometa 20, zimebakiwa na segonde 40 tu. Jicho la rubani peke yake huenda lisione kitu kwa wakati.

Onyo la kwanza huja mapema. Alama ya ndege ile inageuka rangi ya manjano kwenye kioo, na sauti inamwambia rubani, kwa Kiingereza, kwamba kuna ndege karibu. Hapo rubani anatafuta kwa macho na kujiweka tayari, hageuzi njia bado. Hatari ikizidi, likabaki kama nusu dakika au chini yake, alama inakuwa nyekundu na sauti inaamuru: "Panda, panda!" au "Shuka, shuka!" Rubani anapaswa kuanza kutii ndani ya segonde 5 hivi. Mashini haimwambii kukata kushoto wala kulia: inajua juu na chini tu.

Mmeona wamama wawili wanaokutana na mizigo kwenye njia nyembamba: huyu anapisha kuume na yule vilevile upande uleule, wanagongana wakicheka. Angani hakuna wa kucheka. Kwa hiyo mashini za ndege hizo mbili huzungumza zenyewe kwanza na kupatana: wewe panda, mimi nishuke.

Usiku wa Überlingen

Sasa tufike kwenye somo lenyewe. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege ya Urusi aina ya Tupolev ilikuwa inawapeleka watoto wa shule kutoka Ufa kwenda kupumzika Hispania. Juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani, ilikutana na ndege ya mizigo aina ya Boeing. Zote mbili zilikuwa kwenye kimo kimoja, na zote mbili zilikuwa na TCAS nzima, inayofanya kazi.

Anga ile ilikuwa inaongozwa kutoka Zurich, Uswisi. Mwongozaji alikuwa peke yake. Mwenzake alikuwa amekwenda kupumzika, desturi ambayo wakubwa waliijua na kuiachilia. Mafundi walikuwa wanatengeneza vyombo, hivyo sehemu ya radari na simu za kawaida zilikuwa zimezimwa. Waongozaji wa Karlsruhe, Ujerumani, waliona hatari wakajaribu kumpigia. Simu haikupita.

Mwongozaji alipoona hatari alikuwa amechelewa. Aliwaambia wa Tupolev: shukeni. Segonde 7 baadaye mashini yao ikasema: pandeni. Mtu anasema hivi, mashini inasema vile. Mwongozaji, asiyejua mashini imesema nini, akarudia: shukeni. Wakashuka. Na ile Boeing, kwa kuitii mashini yake, nayo ilikuwa inashuka. Zikagongana. Watu wote 71 wa ndege zote mbili wakafa, wengi wao watoto.

Tusiharakishe kuwalaumu marubani wale. Vitabu vyao vya kazi havikuwa vimesema wazi nani atiiwe sauti zikipingana. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Januari 2001, huko Japani, ndege mbili za abiria nusura zigongane kwa namna ileile: rubani mmoja alimfuata mwongozaji, wa pili akaifuata mashini. Ziliponyoka, lakini watu wapatao 100 waliumia. Onyo hilo lilikuwepo, ila kanuni ilikuwa bado haijanyooshwa.

Baada ya Überlingen ilinyooshwa. Leo rubani wa nchi yoyote anafundishwa hivi: mashini ikiamuru kupanda au kushuka, anatii mashini, hata kama mwongozaji amesema kinyume. Anamwarifu mwongozaji kwamba anatii TCAS, na mwongozaji hatoi amri nyingine kwa ndege hiyo mpaka hatari ipite. Na wakubwa nao hawakuachwa. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wakubwa wanne wa kampuni iliyoongoza anga ile.

Na juu ya vichwa vyetu?

TCAS ina mipaka yake. Ndege isiyo na chombo cha kujibu, au iliyokizima, haionekani kwake. Milima pia haioni: kwa milima kuna chombo kingine. Na ndege ndogo, ambazo ndugu zetu wengi hupanda kwenda mahali pasipo barabara, kanuni ile ya kimataifa haizilazimishi zote kuwa na TCAS.

Juu ya sehemu kubwa za Afrika, Kongo ikiwemo, marubani wana desturi nyingine ya kujilinda. Kila mmoja hutangaza kwenye redio, kwa namba moja wanayoijua wote, 126.9: niko hapa, kimo changu ni hiki, naelekea kule. Ni kama dereva wa lori anayepiga honi kabla ya kona ya mlima. Hamwoni mtu, lakini anajitangaza.

Tupeleke nini nyumbani?

Sisi hatuendeshi ndege, lakini amri mbili zinazopingana tunazijua. Moto umeshika nyumba usiku. Baba yuko safarini. Jirani anamwambia mtoto, "Rudi ndani utoe magodoro!" Mama alikuwa amesema, "Toka, usirudi." Mtoto asimame hapo akipima nani mkubwa zaidi? Segonde zake zinakwisha. Jibu linapaswa kupangwa mchana, wakati nyumba imetulia, na baba na mama walipange pamoja ili mtoto asisikie sauti mbili. Mtoto aambiwe wazi: moto ukiwaka unatoka, unakwenda mahali fulani tulipopatana, na hurudi ndani hata mtu mzima akikuamuru.

Somo la pili ni la vikundi vyetu. Zurich mtu mmoja aliachiwa kazi ya wawili, usiku, na simu haiiti. Mara ngapi tunamwachia mama mmoja kumlinda mgonjwa usiku kucha, hana wa kumpokea, hana hata uniti kwenye simu ya kuita msaada? Tunasema amezoea. Hata kule walikuwa wamezoea.

Tunaomba mkutano wenu wa juma hili ujadili maswali haya:

1. Hatari ikiingia nyumbani, watoto wetu wanajua watii neno la nani na wakutane wapi?
2. Baba, mama na bibi wamepatana juu ya neno hilo, au kila mmoja ana lake?
3. Katika kikundi, ni kazi gani ya hatari tumemwachia mtu mmoja? Nani atakaa naye?

Kwa watoto kuna mchezo. Wawili watembee wakitazamana kwenye mstari mmoja, macho yamefungwa. Kila hatua mmoja aulize, "Uko wapi?" na mwenzake ajibu, "Niko hapa." Sauti ikiwa karibu wapatane: mmoja achutame, mwingine asimame. Kisha mjaribu mmoja akinyamaza asijibu kabisa. Hapo wataelewa vizuri kwa nini ndege isiyojibu ni hatari kwa wote.

Tukutane juma lijalo.