DAKIKA 30 NI ZA NANI?



Kila tunapolalamika kuwa Pemba imewekwa mbali, wakubwa hutujibu kuwa hapana umbali wowote, kwani ndege hufika kwa nusu saa. Leo basi na tuwapimie kwa mizani yao wenyewe.

Kutoka kiwanja cha ndege cha Unguja mpaka kile cha Chake Chake, kwa mstari ulionyooka, ni kiasi cha kilomita 125, ndiyo maili 78. Ndege ndogo ya abiria 12, ambayo mwendo wake hukaribia kilomita 300 kwa saa, huyakata masafa hayo kwa dakika 30, ukihisabu kupaa na kutua. Kutoka Unguja mpaka Dar es Salaam ni kilomita 73 tu, dakika 20. Hisabu hii ni ya kweli, wala hatuikatai.

Tunalolikataa ni kuifanya hisabu hiyo kuwa ndiyo jawabu. Sisi wenye maduka twajua kuwa mchele uliojaa dukani si chakula cha mtu asiyeweza kuununua. Vivyo hivyo, dakika 30 si za mvuvi wa Wete wala mchumaji karafuu wa Mtambile, maana nauli ya ndege imeipita mbali ile ya chombo cha baharini. Kwake yeye, Pemba haiko umbali wa nusu saa. Iko umbali wa usiku mzima melini.

Na usiku wa meli tunaujua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, imesheheni watu kupita idhini yake. Maiti zilizoopolewa zilipindukia 200, na wengi wengine hawakuonekana tena. Je, waliopanda meli ile hawakujua kuwa ndege hufika kwa nusu saa? Walijua. Kila siku ilikuwa ikiwapita juu ya vichwa vyao.

Tazameni pia mzazi anayevuja damu, aliyeandikiwa kutibiwa Unguja. Kwake nusu saa si anasa. Ni roho yake.

Watatwambia kuwa ndege ni biashara za watu. Nasi ni wafanya biashara, hatuombi mali ya mtu bure. Lakini abiria wa ndege hutozwa ada ya kiwanja, na ada hiyo ni fedha ya umma. Basi twataka hivi: katika kila ndege baina ya visiwa vyetu viwili, viti viwili viwekwe kwa wagonjwa walioandikiwa na daktari, kwa nauli ya boti, na tafauti ilipwe kutokana na ada hiyo. Asipokuwapo mgonjwa, viti na viuzwe.

Mwenyezi Mungu ameiteremsha Sura ya Al-Mutaffifin kuwaonya wapunguzao vipimo. Mwenye kuyapima masafa kwa saa ya tajiri, kisha akamwacha maskini ayalipe kwa usiku wake na roho yake, naye amepunguza kipimo.

Kwa hivyo, ndugu zangu, akisimama mkubwa mkutanoni akaitaja nusu saa yake, msimzomee. Muulizeni neno moja tu: ya nani?