Jicho la bena lisipigwe direkti

Mimi ni fundi, naishi Mkula, na kuna jambo linaniumiza. Boila ya mvuke ya shinikizo dogo haivuki paundi 15 kwa inchi ya mraba, basi watu huidharau. Lakini pampu ya bena yake, yaani kichomea mafuta, husukuma dizeli kwa paundi kama 100 hadi kwenye nozeli, kitundu kinachoyageuza mafuta kuwa ukungu. Feni huleta hewa, elektrodi hutoa cheche. Jicho, yaani kihisi cha mwanga, huutazama mwali. Lisipouona, mafuta hukatwa ndani ya sekunde chache. Likishika masizi, boila huzimika ovyo, na fundi mwenye haraka hulipiga direkti, yaani huunganisha nyaya ili lisikate tena mafuta. Hapo mafuta yasiyoungua hujaa chemba, na cheche moja yatosha kuilipua. Jicho lipanguseni kwa kitambaa laini, kikavu. Wenye boila, fundi wa direkti mkataeni.