STAA, MKONO WA NANI HUO KWENYE PICHA YAKO YA GOFU?

Wadau, kama hujaiona hiyo picha basi bando lako limeisha. Staa mmoja wa kike, mzaliwa wa Tabora, jina kapuni, katupia picha akiwa kwenye uwanja wa gofu jijini Dar. Kofia nyeupe, sketi fupi, glavu mkono wa kushoto, fimbo hewani. Maelezo chini ya picha yanasema maisha ndiyo haya, wenye wivu wajinyonge. Mashabiki wanauliza sketi kanunua duka gani na kofia bei gani.

Anayeujua mchezo akiitazama ile picha anacheka mpaka basi. Fimbo aliyoinua juu kama anataka kupiga mpira mita 200 ni ile ya kusukumia mpira taratibu uingie shimoni. Halafu kaishika kama mwiko wa ugali. Lakini hilo tumsamehe, kila mtu ana siku yake ya kwanza.

Kisichosameheka kiko pembeni kulia. Kuna mkono pale. Mkono tu, umeshika begi la fimbo. Kichwa kimekatwa, mabega yamekatwa, mtu mzima mwenye jina lake kabaki vidole vitano.

Huyo ni kedi, yaani mtu anayebeba begi la mchezaji. Na wanaomfahamu wanasema naye katoka Tabora hiyohiyo, mtaa wa Isevya, kaja mjini kutafuta maisha. Staa na mbeba begi wametoka mji mmoja, wamekula maembe ya miti ileile, halafu mmoja kamkata mwenzake kichwa ili picha ikae vizuri.

Wala si yeye peke yake. Kuna yule bosi mmoja wa mjini, akishinda kikombe cha wikiendi anashika maiki na kumshukuru Mungu, mkewe, wadhamini mpaka mpishi wa nyama choma. Aliyemwambia shimo la saba upepo unatokea kushoto hamtaji hata kwa bahati mbaya. Kuna na mtangazaji mmoja kila siku anasema redioni kwamba gofu ni mchezo wa watu wenye hela zao, choka mbaya wakae mbali. Kaka, hao choka mbaya ndio wanaoujua huo mchezo kuliko rafiki zako!

Hebu tuelezane kazi ya kedi, maana wengi wanadhani ni punda wa kubeba begi. Sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14 kwenye begi moja, na kila moja ina kazi yake. Kedi anatakiwa ajue umbali uliobaki, upepo, majani yamelala upande gani, na mteremko pale karibu na shimo ambao jicho la mgeni haliuoni. Anatembea mashimo 18, saa nne hadi tano, kwenye jua, begi mgongoni. Mchezaji akipiga vizuri ni kipaji chake. Akipiga vibaya, kedi kampa fimbo mbaya. Na jioni uwanja ukiwa mtupu, kedi huyohuyo akipewa fimbo anaweza kumchapa bosi wake bila jasho. Waulizeni wachezaji wa kulipwa wa nchi hii walianzia wapi, mtakuta si wachache walioanza kwa kubeba begi.

Sasa kwa mtu wa Tabora hili jambo lilitakiwa limuume mara mbili. Tabora ni mji uliojengwa na watu wa kubeba. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, kila kitu kilichopita kati ya Bagamoyo na Ujiji kilipita juu ya mabega. Pembe za ndovu zilishuka pwani, vitambaa na shanga zilipanda bara, na katikati ya njia ndipo Tabora, ambayo wageni wa enzi zile waliiita Kazeh. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika hapo Novemba. Mizigo hawakuibeba wao. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30, ukiacha vitu vyake mwenyewe vya safari.

Na msidhani wale wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa kudharauliwa. Kwao ilikuwa fani. Kijana ambaye hajawahi kwenda pwani na mzigo alichekwa kijijini, alionekana bado mtoto. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi na bendera, kapendeza kuliko staa yeyote wa leo. Posho ikipunguzwa, wapagazi walitua mizigo chini na msafara ukasimama, awe Mzungu, awe Mwarabu. Hata haya maneno posho na hongo yametembea sana kwenye njia ile. Posho ilikuwa chakula cha mbeba mzigo, hongo ilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtemi kama Mirambo. Leo posho ni ya wakubwa kukaa mkutanoni, na hongo mnaijua wenyewe.

Tatizo ni nani kabaki kwenye kumbukumbu. Livingstone alifariki Mei 1873, huko ambako leo ni Zambia. Watu wapatao 60 waliubeba mwili wake kwa miguu, wakapita Tabora Oktoba mwaka huo, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Majina yanayotajwa sana ni Chuma, Susi na Jacob Wainwright. Waliobaki ukiwauliza wapenda historia, wengi watajikuna kichwa. Na kaburini kwake, ndani ya kanisa la Westminster jijini London, jiwe linasema aliletwa na mikono miaminifu. Mikono! Hata pale vichwa vilikatwa, ikabaki mikono tu. Miaka 150 imepita, mtoto wa Tabora mwenye simu ya milioni mbili anarudia kosa lilelile dhidi ya jirani yake wa Isevya. Wale walikuwa wageni, walau wana kisingizio. Yeye anasemaje?

Halafu hili linawezekana kufanywa vizuri. Mwaka 1913 kijana wa Kimarekani wa miaka 20, Francis Ouimet, aliyewahi kuwa kedi, aliwatoa jasho mabingwa wawili wa Uingereza na kushinda mashindano ya wazi ya Marekani. Kedi wake siku hiyo alikuwa mtoto wa miaka 10, Eddie Lowery. Ipo picha yao maarufu wanatembea pamoja, mkubwa na mdogo, begi limekaribia kumzidi mtoto kimo. Hakuna aliyemkata. Ndiyo maana miaka zaidi ya 100 baadaye jina la yule mtoto linaandikwa hapa kwa Kiswahili. Ben Hogan na Byron Nelson, majina makubwa kabisa kwenye gofu, nao walikuwa makedi kwenye klabu moja kule Texas. Klabu ile ingewaona kuwa mikono tu, dunia ingekosa mabingwa wawili kwa mpigo.

Wapo watakaosema kedi analipwa, sasa shida iko wapi. Shida ni kwamba malipo ni ya kazi, hayanunui jina la mtu. Fundi aliyekushonea gauni unamtaja ukurasa wake, aliyekupaka meki-apu unamtaja, hata aliyekuazima gari la kupigia picha unamtaja. Kedi peke yake ndiye hana ukurasa?

Wengine watasema gofu ni mchezo wa Wazungu, tuwaachie. Mbona mpira wa miguu hamuwaachii? Madina Iddi, Angel Eaton na Hawa Wanyeche wamebeba bendera ya Tanzania kwenye mchezo huu na hakuna aliyewauliza wamefuata nini. Yapo mashindano ya Lina PG Tour yanayomuenzi marehemu Lina Nkya, yanawakutanisha wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa. Mchezo upo na ni wetu. Ila ukitaja gofu nchi hii watu wanawaza Lugalo, Gymkhana, Arusha, Moshi, Morogoro. Mtoto wa Tabora akitaka kuushika mchezo lazima kwanza apande treni, na akifika huko mlango uliofunguliwa kwake ni wa kubeba begi.

Kwa hiyo haya ni ya kufanya, wala si magumu. Mastaa, mkipiga picha mtajeni kedi jina lake, na kama hataki kuonekana mwombeni asogee, msimkate kama kipande cha ukuta. Mabosi, kwenye ile hotuba ndefu ya kikombe ongezeni sentensi moja tu. Vilabu vinavyowapa makedi siku yao ya kucheza, hongera, na visivyofanya hivyo vianze, kwa sababu kiwanja kinachokaa kitupu hakimwingizii mtu senti.

Na wewe staa wa Tabora, hela za picha unazo. Nyumbani kwenu shule za zamani zina viwanja vipana vinavyoota majani bure. Hakuna anayekuomba mashimo 18 na zulia la kijani la kunyweshea maji kama mgonjwa. Kuna viwanja duniani, sehemu kavu, pale kwenye shimo wanaweka mchanga uliochanganywa na oili badala ya nyasi, na gofu linachezwa. Anza na mashimo tisa, fimbo zilizotumika na mwalimu mmoja. Mwalimu huna haja ya kumtafuta mbali, ni yule uliyemkata kichwa. Mwite kwa jina lake, mlipe kama mwalimu, mpeleke kwao akafundishe.

Tabora ilikaa mwaka 1958 ikatoa Uamuzi wa Busara uliosaidia nchi nzima kusogea. Mji wa namna hiyo hauwezi kushindwa na vijishimo tisa.