Dakika tano tu zilimmaliza Jimi!

Najua wengi mmezoea kufungua ukurasa huu mkitafuta habari za mapenzi, viwalo na nani kaonekana na nani Ijumaa usiku, lakini leo naomba tumzungumzie mbwa. Usicheke! Tena mbwa aliye ndani ya gari. Siku hizi vijana wa Musoma na Bunda mkishapata gari, kinachofuata ni jibwa la kizungu la kukaa siti ya nyuma na kutoa kichwa dirishani, mpite nalo Mukendo watu wageuke. Sina ubaya na hilo, kila mtu na raha zake. Ila kuna jambo ambalo wengi hamjaambiwa, na mimi mwenyewe nililijua siku nilipoliona kwa macho yangu.

Ilikuwa Februari mwaka jana. Mshikaji wangu mmoja wa Bunda ana babu yake Butiama ambaye mbuzi wake walikuwa wanamalizwa na fisi. Kila mzee akipiga simu ni fisi, fisi, fisi. Jamaa akaamua kumpelekea mbwa wake, na si mbwa koko, bali Jimi, chotara wa German Shepherd, kifua hicho, manyoya mazito kama koti la baridi. Babu alivyoambiwa alifurahi mpaka akamjengea kibanda kabla hata hajamwona.

Tukaondoka Bunda asubuhi, Jimi kajaa tele siti ya nyuma. Tulipofika njia panda ya Kiabakari tungeweza kukata kulia twende zetu Butiama, lakini jamaa akasema hapana, kwanza Musoma mjini akatoe hela benki, amnunulie mzee sukari na blanketi, halafu tutarudia Makutano. Saa sita kasoro tukaegesha Mukendo. Gari lenyewe jeusi, vioo vya giza, ule mkoko wa kuringia. Akashusha vioo vya nyuma upana wa vidole viwili, akazima gari, akaloki. "Dakika tano tu, Jimi," akamwambia mbwa kama anaongea na mtu.

Nani hazijui dakika tano za benki? Foleni imefika mlangoni, mtandao unasumbua, mbele yako kuna mama ana karatasi kumi za kujaza. Mimi nami nikapotelea dukani kwenye mablanketi, nikakutana na watu wangu wa siku nyingi, stori zikakolea. Upepo wa ziwa ulikuwa unapuliza safi kabisa, hata jasho halikunitoka. Tulipokutana tena pale kwenye gari zilikuwa zimepita dakika arobaini.

Jimi alikuwa amelala sakafuni, katikati ya siti. Ulimi umetoka nje wote, umekuwa mwekundu wa kutisha, mate mazito yanamwagika kama mlenda, anahema kama injini iliyokosa maji. Alikuwa ametapika. Vioo vimejaa alama za kucha na pua. Mlango ulipofunguliwa joto lililotoka lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria la makande. Mbwa akajitupa chini, akasimama, akayumba kama mlevi wa gongo, akaanguka.

Basi bwana, hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Kijana mmoja akapiga kelele: "Kichaa! Mbwa ana kichaa!" Dakika hiyo hiyo watu wakajaa, wengine wameshaokota mawe. Na siwalaumu. Huku kwetu Mara kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto. Vijiji vya Bunda na Serengeti vinavyopakana na hifadhi vimekuwa vikiendeshewa kampeni za kuchanja mbwa kwa miaka zaidi ya 20 sasa, kwa sababu ya kichaa na pia kwa sababu ya ugonjwa wa distempa, ule ambao mwaka 1994 uliua karibu theluthi moja ya simba wote wa Serengeti. Mtu aliyekulia huku akiona mbwa anatoka mate na kuyumba, mkono unakwenda kwenye jiwe wenyewe.

Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza matunda aliyekuwa amekaa na beseni lake hatua chache tu kutoka pale. "Nyie vijana, mna akili kweli? Huyo hana kichaa, huyo kaiva! Namwona humo ndani tangu mmeondoka, anakwaruza vioo, mwenye gari hajulikani. Leteni maji!" Akachukua ndoo yake ya kuoshea matunda akammwagia yote. Tukanunua maji dukani, tukamwagia tena na tena, jamaa anampepea kwa boksi la sukari. Baada ya kama robo saa Jimi akainua kichwa, akanywa maji kidogo, akatikisa mkia. Watu wakapiga makofi! Jamaa akafuta machozi, akasema, "Kapona. Twende zetu."

Hapo nitaparudia. Kwanza nikueleze nilichokuja kukijua baadaye, kwa sababu lile jambo lilinikosesha usingizi nikaanza kuuliza wanaojua.

Mwaka 2005 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford kule California, Marekani, walichukua gari wakaliegesha juani siku tofauti, za joto na zile ambazo mtu angeziita za baridi, wakawa wanapima joto la ndani. Wakakuta kwamba ndani ya saa moja joto linapanda kwa wastani wa nyuzi 22 juu ya lile la nje. Na halipandi polepole kama chai ya mkaa mbichi. Asilimia 80 ya kupanda huko inamalizika ndani ya nusu saa ya kwanza. Chukua siku ya kawaida ya Musoma, nyuzi 28 nje, wewe unajisikia poa kabisa na soda yako. Kwa hesabu hiyo, mbwa uliyemwacha garini baada ya nusu saa yuko kwenye nyuzi 46 hivi, na saa moja ikifika yuko kwenye 50. Na ule ujanja wetu wa kushusha kioo vidole viwili? Waliujaribu pia. Haukusaidia kitu cha maana.

Sababu yake ukielezwa unaona ni rahisi tu. Jua linapenya kioo, linapiga siti na dashibodi, navyo vinapata moto na kuanza kuipasha hewa ya ndani ambayo haina pa kwenda. Upepo wa ziwa unaokupapasa wewe pale Mukendo hauingii humo. Huo upepo ndio unaotudanganya watu wa Musoma, tunapima joto la gari kwa ngozi zetu tulizosimama nazo nje.

Sasa mbwa naye kaumbwa vingine. Sisi tukipata joto mwili mzima unatoka jasho, yeye jasho lake liko kwenye nyayo tu, tena kidogo. Anachotegemea ni kuhema, maji ya ulimini na kooni yakauke yachukue joto. Lakini hewa ya garini ikishakuwa ya moto, tena imejaa unyevu wa pumzi yake mwenyewe, kuhema hakupoozi tena, kunamchosha tu. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likivuka 41 yuko hatarini, likikaribia 43 basi ubongo, ini na figo vinaanza kuharibika. Mama wa matunda alisema "kaiva", na mimi sijasikia neno zuri kuliko hilo. Wenye pua fupi zilizobonyea, wanene, wazee na wenye manyoya mengi ndio wanaotangulia.

Usidhani ni sisi washamba tu. Juni 2009 kule Nottingham, Uingereza, nchi ambayo tunaisikia kwa mvua na baridi, mbwa wawili wa polisi walikufa ndani ya gari lililokuwa limeegeshwa makao makuu ya polisi wenyewe! Askari aliyekuwa akiwatunza akatiwa hatiani mwaka uliofuata. Juni 2011 wengine wawili wa polisi wa London wakafa vilevile. Hawa ni watu ambao kazi yao ni mbwa, wanalipwa mshahara kwa ajili ya mbwa. Kwa hiyo mtu asiniambie "mimi nampenda sana mbwa wangu, siwezi kumsahau". Jimi alipendwa kuliko baadhi ya wapwa wa yule jamaa.

Kuna wengine mtasema, mimi nitaegesha kivulini. Kivuli gani? Hapa kwetu tuko karibu kabisa na ikweta, saa sita jua liko utosini, mti umebaki na kivuli cha kujifunika wenyewe. Kile ulichokiacha saa nne, saa tano kimeshahamia kwenye gari la jirani. Wengine mtasema nitaacha injini inaunguruma na AC. Haya, mafuta yakikata? Mwizi akiingia? Na hao mnaosafirisha watoto wa mbwa kutoka Mwanza, umetia boksi kwenye buti la basi, juu yake mabegi na magunia, mpaka ufike Bunda wawili hawaamki halafu unasema uliuziwa wagonjwa!

Huko magharibi ya Serengeti shirika la Grumeti Fund lina kikosi cha mbwa wa kunusa pembe, nyamapori na risasi za majangili. Kule mbwa ni mfanyakazi, akipata joto akaanza kuhema sana hata kunusa kunapungua, kwa hiyo joto lake ni sehemu ya kazi. Wa kwetu sisi wa kuringishia nani anawapima? Sheria ipo, ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama. Lakini sijawahi kusikia mtu wa mitaa yetu akiulizwa kwa habari ya mbwa wa garini, kwa hiyo usisubiri uulizwe. Kama safari ina benki, saluni na sokoni ndani yake, mwache nyumbani chini ya mwembe na maji yake. Na mtoto wa mtu vivyo hivyo, joto la gari halibagui.

Ukimkuta wa mwenzio anakwaruza kioo, tafuta mwenye gari haraka, piga kelele dukani, benki, popote. Akishatoka, kivulini, maji ya kawaida mwili mzima, tumboni na mapajani hasa, halafu mpepee. Usimfunike kwa khanga iliyolowa ukaiacha, inazuia joto kutoka. Usimlazimishe maji mdomoni kama hajiwezi. Na ile hofu ya kichaa usiidharau, kama humjui mbwa na hujui chanjo yake, kaa mbali na mdomo, mwagia ukiwa umesimama pembeni. Ukishang'atwa ni kuosha kidonda kwa maji na sabuni robo saa nzima halafu mbio hospitali. Jimi alikuwa na kadi yake ya chanjo garini, na kuionyesha ndiko kulikowafanya wale vijana waangushe mawe.

Halafu, na hapa ndipo tulipokosea, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama katikisa mkia. Nilikuja kumuuliza daktari mmoja wa mifugo, akaniambia mbwa aliyepata joto la namna ile anaweza kusimama, akanywa, akaonekana mzima, kumbe figo na ini vimeshaguswa na damu imeanza kuganda vibaya ndani. Kinachofuata kinakuja usiku au kesho yake. Sisi hatukumuuliza mtu. Ilikuwa saa nane, hela imeshatoka benki, mzee anasubiri.

Tukapita Makutano vioo vyote chini, Jimi kajilaza kimya. Butiama babu alikuwa barabarani na kofia yake, akamshika kichwa, akasema, "Mbwa gani huyu mkubwa hivi, mjukuu wangu, fisi watahama wenyewe." Wakamwekea ugali na maziwa, hakugusa. Usiku akaanza kuharisha damu. Alfajiri babu ndiye aliyemkuta, pembeni ya kile kibanda kipya, hata ndani hakuwa ameingia.

Mzee hakugomba. Alichukua jembe mwenyewe, akachimba chini ya mti, na alipomaliza akakaa juu ya jiwe akifuta miwani. Akasema yeye kafuga mbwa maisha yake yote, wameliwa na chui, wameumwa na nyoka, wengine wamekufa kwa uzee. Huyu wa kwetu alikuwa anaumwa nini?

Rafiki yangu aliangalia chini muda mrefu. Kisha akasema, "Dakika tano, babu."