Kazi ya Kukuza Programu: Maneno kwa Vijana na Wazazi Wao

Kila mwaka mitihani ikiisha na vyeti vikitolewa, mjini Butembo huonekana vijana wenye bahasha mkononi, wakipanda na kushuka barabara na kusoma vibao vya mashirika malangoni. Wengine wametoka Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, wengine vyuo vidogo vya hapa na vya Beni. Ukiwauliza wanatafuta kazi gani, wachache watasema ualimu au kilimo. Wengi watajibu: kazi ya programu. Na wale waliosoma zaidi watakitaja cheo chenyewe kwa ukamilifu wake: meneja wa kukuza programu. Wazazi nao hutuuliza, hasa Jumapili baada ya Misa, kama hiyo ni kazi kweli, ama ni jina tu la kupandia gari jeupe lenye bendera. Swali ni halali, nasi leo twapenda kulijibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Mradi ni kama nyumba moja: una siku ya kuanza na siku ya kuisha, una fedha zake na fundi wake. Programu ni kama mtaa mzima: miradi kadhaa inayoelekea shabaha moja kwa muda wa miaka. Msimamizi wa mradi hujenga. Meneja wa kukuza programu ndiye aliyetangulia kabla ya jiwe la kwanza: aliichunguza shida, akaihesabu, akaiandika, akamtafuta mwenye fedha na kupatana naye. Na ujenzi ukiisha kuanza, yampasa kuangalia kama yanayotendeka ndiyo yaliyoandikwa, na kama sivyo, arudi kwenye karatasi. Kwa hiyo kazi yake ni kazi ya mtu wa katikati. Huchukua shida ya watu na kuipeleka kwa mwenye fedha, na ubaya wote wa kazi hii hutokea pale shida inapobadilishwa njiani ipate kumpendeza yule atakayetoa fedha.

Tuseme kuna chemchemi katika mtelemko mmoja wa Butembo, na mvua ikinyesha maji yake huwa matope. Kijana wa ofisini ataandika: inatakiwa saruji, mabomba, mawe, mafundi wawili, na dola kadha wa kadha. Ameandika kweli, lakini hajamaliza hata nusu. Shamba lililo juu ya chemchemi ni la nani? Je, mwenyewe amekubali kuacha kulima hapo, au ataendelea kutia samadi juu ya maji ya kunywa? Mfereji ukijaa majani, ni nani atakayeuzibua baada ya mradi kwenda zake? Kama kila nyumba itatoa fedha kidogo kwa mwezi, sanduku litawekwa kwa nani, naye atahesabu mbele ya nani? Kila jibu hubadili bajeti, na pengine jibu moja huuvunja mradi wote, ikawa heri kuanza kwingine. Sisi walimu huletewa mara kwa mara maombi ya namna hii ili tusahihishe Kifaransa chake. Tumeona kurasa 20 za maneno mazito mazuri, na ndani yake hakuna hata mstari mmoja juu ya mwenye shamba. Insha kama hiyo tungempa mwanafunzi nusu ya alama, kwa ajili ya mwandiko.

Wafadhili hutaka pia jedwali moja maarufu, lililobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la misaada la nchi hiyo, yaani USAID. Jedwali hilo lina safu nne. Ya kwanza husema tunataka kutimiza nini. Ya pili, tutajuaje kwamba tumetimiza. Ya tatu, ushahidi utapatikana wapi. Ya nne, ni mambo gani yasiyo mikononi mwetu ambayo lazima yawe ndipo kazi ifaulu. Vijana hutumia usiku mzima juu ya safu tatu za kwanza, na ile ya nne huijaza kwa dakika mbili: "Usalama utakuwa shwari." Lakini wilayani Beni safu ya nne ndiyo mradi wenyewe. Tangu Oktoba 2014 watu wamekuwa wakichinjwa katika vijiji na mashamba ya huko, na wakulima wengi wameacha mibuni na mikakao yao. Mtu akipanga programu ya kakao, akagawa masanduku ya kuchachushia, akafundisha kwamba mbegu sharti zichachuke siku tano hadi saba kabla ya kuanikwa, amefundisha vema. Kumbe mkulima haendi shambani kila siku. Huenda mbio, hupasua matunda yaliyoiva na yasiyoiva, hurudi kabla ya saa tisa. Anayejua hayo atayaweka masanduku karibu na nyumba za watu, si porini. Tofauti ya programu hizo mbili haionekani kwenye jedwali hata kidogo.

Watu wa Beni na Butembo, kwa bahati mbaya, wana mfano mkubwa kuliko huo. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia, na kitovu chake kilikuwa Mangina. Ilidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na katika hao walikufa 2,287. Hakukukosekana fedha, wala wataalamu, wala dawa ya chanjo. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Na juu ya hayo yote, vituo vya tiba vilishambuliwa: cha Katwa tarehe 24 Februari 2019, na cha Butembo siku tatu baadaye. Tarehe 19 Aprili mwaka huohuo Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Wengine walisema ni ujinga wa wenyeji. Sisi hatukubali. Wauaji ni wauaji, wala hatuwatetei. Lakini shaka ya watu wengi wasioshika silaha ilikuwa na sababu zake. Watu walikuwa wamelia miaka minne juu ya mauaji, na misafara ya magari haikuonekana. Ebola ilipofika, magari yalijaa mjini kwa majuma machache. Mama aliyempoteza mtoto kwa malaria au kwa surua aliuliza kwa nini ugonjwa ule wa kwake hauna gari. Kisha, mwishoni mwa Desemba 2018, uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, na rais akatangazwa pasipo kura zao. Kuanzia hapo, kwa watu wengi, ugonjwa na siasa vikawa kitu kimoja. Karatasi za waliopanga programu zilikuwa na virusi, vitanda na sindano. Hazikuwa na swali la yule mama.

Ni haki kusema pia kwamba walikuwamo waliosikia na kurekebisha. Jamaa walikuwa wakinung'unika kwamba mgonjwa akiingia kituoni haonekani tena mpaka arudi ndani ya mfuko. Shirika la ALIMA likatumia mjini Beni chumba cha plastiki angavu, ambamo mgonjwa hulala akionekana kwa nje, na ndugu zake huweza kumtazama na kusema naye bila kumgusa. Tena, watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa walihitaji wa kuwabeba. Wakaajiriwa wanawake waliopona Ebola, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, nao wakawalea watoto hao karibu na kituo. Katika kila jambo la namna hii palikuwa na mtu aliyesikia lalamiko, akalipeleka mezani, akalitafutia fedha. Huyo ndiye meneja wa kukuza programu, hata kama mlangoni pake pameandikwa cheo kingine.

Sasa yatupasa kusema neno lisilopendeza, nasi twalisema hasa kwa ajili ya binti zetu. Fedha nyingi zilizoingia kwa haraka zilileta biashara: magari ya kukodi, vibarua vya kuuziana, kazi za kupeana kwa ujamaa. Wenyeji wenyewe waliita mambo hayo biashara ya Ebola. Na kulikuwa na baya zaidi. Tarehe 28 Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa yake: ilikuta watu 83 wanaotuhumiwa kuwatendea wanawake unyanyasaji wa kimwili wakati wa kazi ile, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilohilo. Wanawake wengi walikuwa wameahidiwa kazi, au kutishwa kwamba watanyimwa. Basi binti akiitwa kuzungumza habari za kazi hotelini jioni, asiende. Kazi ya haki hutangazwa kwa maandishi, hufanyiwa mtihani ofisini mchana, na matokeo hubandikwa. Na kijana wa kiume anayetaka kuwa meneja ajue kwamba siku moja yeye ndiye atakayekuwa na kalamu ya kuandika majina ya walioajiriwa. Programu yoyote sharti iwe na mahali pa kupeleka mashtaka, na mahali hapo pasiwe chini ya mtu anayeshtakiwa. Jambo hilo nalo lahitaji fungu lake katika bajeti.

Wazee wa hapa watatukumbusha kwamba programu hazikuanza na magari meupe. Askofu Emmanuel Kataliko aliliongoza jimbo hili tangu 1966 hadi 1997, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo serikali ilikuwa mbali. Chuo Kikuu cha Graben kilianzishwa mwaka 1989 kwa jitihada yake. Wafanyabiashara wa Butembo nao walizoea kuchanga fedha zao ili barabara zitengenezwe, kwa maana lori lisilopita halina faida. Yeyote atakaye kujifunza kazi tunayoizungumza na awaulize waliochanga: nani alitoa wazo, nani aliweka hesabu, nani alikataa kutoa na alishawishiwa kwa maneno gani. Hakuna kitabu kinachofundisha zaidi ya hapo.

Na akina mama wa likelemba je? Ishirini wanakaa, kila mmoja anatoa fungu lake kwa juma, mmoja anapokea, na daftari halina kosa. Wanajua nani amefiwa, nani asubiriwe, nani asiaminiwe tena. Binti aliyewahi kumwandikia mama yake daftari la likelemba ameanza kazi ya programu bila kujua.

Kuhusu masomo, ushauri wetu ni huu: kijana ajifunze kwanza kitu kimoja barabara, kilimo au tiba au uchumi au maji, kabla ya kujifunza kupanga. Anayepanga asichokijua hudanganywa na kila fundi. Kisha hesabu: ajue kutengeneza bajeti ya mwaka mzima na kueleza kila mstari bila kutazama karatasi. Kisha lugha. Kifaransa ni cha kuandikia, na Kiingereza chazidi kuombwa na wafadhili. Lakini shida husemwa kwa Kinande na kwa Kiswahili, tena shida zile nzito husemwa kwa sauti ya chini. Tumewaona vijana wanaoona haya kusema Kinande mbele ya mgeni. Hatujui huyo mgeni aliwaajiri kwa nini basi.

Mwisho, wazazi hutuuliza habari ya mshahara na usalama wa kazi. Mshahara ni mzuri kuliko wa mwalimu, hatuna haja ya kuficha. Lakini mkataba mara nyingi ni wa mwaka mmoja, au wa miezi sita, kwa kuwa hufuata fedha za mradi. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura nchini Kongo, ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikakoma kuendesha misaada. Jedwali la safu nne limebaki. Shirika lililoagiza litengenezwe limekwisha. Juma moja baada ya ile Januari 20, mji wa Goma, zilikokuwa ofisi kubwa za mashirika mengi ya Kivu Kaskazini, ulitwaliwa na M23. Watu waliokuwa na mishahara ya kujengea nyumba walirudi kuuliza nafasi za kufundisha, na baadhi yao twafanya nao kazi sasa, nao ni walimu wazuri.

Kwa hiyo hatumwambii mzazi amzuie mwanawe. Twamwambia amwulize mwanawe, kabla ya kulipa karo ya mwaka wa mwisho, kama anaweza kukaa kikao cha saa tatu katika kijiji kisichomwamini, asiseme neno ila kuuliza, kisha arudi tena juma linalofuata kusikia yaleyale. Akijibu kwamba anaweza, na alipe.