Lami Ianzie Dadaab

Wapo wapenzi wa mbio wanaotaka viwanja vitiwe lami mpya kwa ajili ya magari madogo ya zamani. Nami nayapenda magari hayo, lakini kwa hili siwaungi mkono. Datsun 240Z, gari la watu wawili lililoinama karibu na ardhi, lilishinda mbio za Safari mwaka 1971 na 1973 katika vumbi na matope; Shekhar Mehta hakungoja lami. Tangu 2003 magari ya rika lake hushindana tena nchini, katika njia za udongo vilevile. Lakini mafuriko ya 2023 yalipoikata barabara ya Garissa, Dadaab ilitengwa. Mshindani huitafuta njia mbovu kwa hiari. Mgonjwa hana hiari. Basi, ndugu zangu, lami ikipatikana, ianzie huko.