Tumbo la Safari Halingoji Ruhusa



Hapa Usagara barabara ya Shinyanga hukutana na ya Sengerema, na wasafiri hula wanachokikuta: samaki waliopoa, matunda yaliyokatwa zamani, maji ya ziwa yaonekanayo masafi. Tumbo likichafuka, mara nyingi hutulia lenyewe baada ya siku chache. Hatari kubwa ni kuishiwa maji mwilini.

Basi tuanze kumnywesha mgonjwa mara moja. Pakiti ya ORS huchanganywa na lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ikikosekana, tutie katika lita hiyo vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazisha, si vya kujaa. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Dawa za kufunga kuhara tusimpe mtoto.

Lakini twende kituo cha afya saa hiyo hiyo tukiona choo chenye damu au kilicho kama maji ya mchele, kutapika kila anachokunywa, homa kali, macho kuingia ndani, kukosa mkojo au kulegea. Kipindupindu, ambacho mlipuko wake wa mwaka 2015 ulifika hata Mwanza, huweza kumwua mtu mzima kwa saa chache.

Wengi wetu husubiri baba arudi kutoka ziwani ndipo nauli ipatikane. Tukubaliane naye mapema, nyumba ikiwa imetulia, na akiba ndogo iwekwe. Njiani tuzidi kumnywesha mgonjwa, kidogo kidogo.

Mungu azilinde nyumba zenu.